Jumamosi za Kutoa Upepo

Ilianza Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha dereva cha gari ambalo halikuwa linaenda popote, mguu wa kulia juu ya pedali ya breki, nasubiri Baba aseme.

"Kanyaga."

Nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga tena mpaka pedali ikawa ngumu.

"Shikilia."

Nikashikilia. Yeye alikuwa chini, amelala chali juu ya gunia, naona viatu vyake tu. Akalegeza nati ndogo nyuma ya gurudumu, mafuta ya breki yakatoka na mapovu, pedali ikazama polepole mpaka sakafuni. Akaifunga nati.

"Achia."

Hiyo ndiyo inaitwa kutoa upepo. Upepo ukiingia kwenye mabomba ya breki, unakanyaga na gari halisimami. Ni kazi ya watu wawili, mmoja juu, mmoja chini, na kwetu hao wawili ni mimi na Baba. Mama ni muuguzi, alihamishiwa Kiteto, anarudi mwisho wa mwezi kama zamu zikimruhusu. Kaka yangu yuko chuo Dodoma. Shuleni mimi ni yule ambaye mwalimu akiita majina anarudia langu, kwa sababu nimeitika na hakuna aliyesikia.

Kwa hiyo nitasema ukweli. Yale maneno matatu ya Jumamosi ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu kuliko yote ya wiki. Baba si mkali, ila maneno hana. Akitoka ofisini anavua shati, anaenda nyuma ya nyumba, kwenye banda la gari. Nikimpelekea chai anasema, "Weka hapo, mama," nami nazungukazunguka kidogo, narudi ndani. Lakini siku ya kutoa upepo alikuwa ananiita mwenyewe, tena kwa sauti, na kama sijaja kazi haiendi.

Gari lenyewe ni la Kiingereza, la zamani, limemzidi Mama umri. Baba alilikuta kwenye shamba la mbaazi kule Mutuka, kuku wanatagia ndani, akalivuta kwa trekta mpaka nyumbani. Nilikuwa darasa la saba. Sasa niko kidato cha tatu. Mtu mwingine angekuwa amelimaliza zamani, lakini Baba si mtu mwingine. Mabomba ya breki aliyapinda, akayafunga, yakafanya kazi vizuri, halafu akayatoa yote kwa sababu kona zake hazikufanana na picha ya kwenye kitabu cha gari. Akapinda mengine. Kila akifungua, upepo unaingia, na kila upepo ukiingia, naitwa mimi. Sikuwahi kuomba gari lipone. Hilo nalo ni ukweli.

Jumamosi hiyo hatukufika gurudumu la pili, mgeni akabisha hodi. Alikuwa mzee mmoja kutoka Arusha, mwenye magari mawili kama letu. Walijuana na Baba kwenye kundi lao la simu, la watu wa magari ya zamani, ambako wanatumiana picha za nati na kuzisifia kama watoto wachanga. Nikashuka, nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye fundi msaidizi huyu?"

Nikatabasamu nikiangalia chini. Mara jirani yetu naye akaingia bila hodi. Yeye ana gari dogo la Kijapani la kubeba abiria wa Dareda. Taa moja imefungwa kwa waya, mlango wa nyuma unafunguliwa kwa ndani tu, na sijawahi kuliona limelala njiani.

"Vipi, Makumbusho!" akamwambia Baba. "Leo tunaingia bure au kuna kiingilio?"

"Karibu," Baba akasema kutoka chini.

"Limeshafika wapi?"

"Breki tu."

"Mwaka jana uliniambia breki tu! Mimi bovu langu linaingia Dareda na kurudi mpaka nimechoka mwenyewe. Lako zima limetoka bandani likafika kwenye kamba ya nguo. Toa hiyo injini, weka ya Kijapani, kesho uko Singida."

Mgeni akaguna kama mtu aliyetukaniwa ndugu. "Ukiweka ya Kijapani si gari hili tena. Ni boksi."

"Boksi linalofika, mzee wangu."

"Linafika, halafu? Likichakaa unalitupa. Hili likifa linafufuka."

"Linafufuka kila Jumamosi, tunaona! Mimi nataka lisilokufa."

Wakacheka wote wawili. Baba akatoka chini, akajifuta mikono, akasema taratibu: "Nikibadilisha kimoja, cha pili nitaona rahisi. Mwishowe sitajua nimetengeneza gari gani."

Sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu namna hiyo nyumbani. Nilisimama pale na ile furaha ya kijinga ya kumsikia, japo hakuwa ananiambia mimi.

Moyoni nilikuwa upande wa mgeni, kwa sababu zangu mwenyewe. Na ndiye aliyeniumiza, wala hakujua. Aliingiza mkono kwenye mfuko akatoa kichupa chenye mpira mrefu na kidude kidogo katikati.

"Bado mnatoa upepo watu wawili? Chukua hii, zawadi yako. Unachomeka mpira kwenye nati, unakanyaga mwenyewe ukiwa juu. Mafuta yanatoka, upepo haurudi. Hakuna haja ya kumsumbua mtoto, mwache asome."

Baba alikigeuzageuza mkononi kama dhahabu. Akakichomeka. Akapanda kwenye kiti, kile kile, bado kikiwa na joto langu, akakanyaga. Tukaona mapovu yanapita kwenye mpira, kidogo, kidogo zaidi, halafu yakaisha. Magurudumu yote yalichukua muda mfupi kuliko mimi naye kumaliza moja.

"Haya, mama," akasema. "Pumzika sasa."

Nikaenda kupika. Nilisonga ugali, nikaunga samaki wa ziwani, nikawapelekea nje maji ya kunawa. Walikula wamesimama, wakizunguka gari na sahani mikononi. Niliporudi kuchukua vyombo, spana ya Baba ilikuwa bado inaning'inia kwenye nati ya gurudumu la nyuma. Ningeigeuza kidogo tu, upepo ungerudi. Niliwaza. Halafu nikaitoa, nikaiweka kwenye boksi la spana, kwa sababu breki ni breki.

Mchana gari likawaka. Si mara ya kwanza kuwaka, lakini ilikuwa mara ya kwanza Baba kuweka gia na kusema, "Twende Bonga turudi." Mbele wanakaa watatu. Mgeni akaingia katikati, jirani akaingia mlangoni, amesahau kabisa abiria wake wa Dareda. Mimi nilikuwa nimeshaivua aproni. Sijui nilifikiri nini. Nyuma kulikuwa wazi, lakini hakuna aliyesema, nami siwezi kusema.

"Binti, tufungulie geti!" jirani akapaza sauti.

Nikafungua geti. Likapita mbele yangu, zuri, rangi ile ya kijani aliyoitafuta Baba mwaka mzima, na yeye ameangalia mbele, anacheka. Kweli anacheka. Nikafunga geti. Nyuma ya nyumba palibaki gunia na doa la mafuta. Nilikaa juu ya gunia. Nilijaribu kufurahi kwa ajili yake, na nusu niliweza.

Walirudi kabla ya saa kumi na moja, wamejaa vumbi na kelele. Jirani akakiri, "Makumbusho, limepanda mlima!" Mgeni akaaga, jirani naye akaenda zake.

Jioni nilidhani Baba ataingia ndani akae, maana kazi imekwisha. Hakuingia. Nikampelekea chai.

"Mlango wa kushoto unagonga," akaniambia.

"Sana?"

"Kidogo. Kesho nitautoa niangalie bawaba. Huenda nikaufungua wote."

Nikamtazama. Alikuwa amekaa ndani ya gari lililozimwa, mikono kwenye usukani, hana haraka ya kushuka. Nikawaza kwamba labda si mimi peke yangu niliyekuwa sitaki liishe. Ndani ya nyumba kuna kiti cha Mama na simu ambayo haijalia, na mlango unaogonga ni mahali pa kwenda. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikasema, "Chai itapoa."

Usiku nilifikiri: atautoa mlango, ataurudisha, atatoa mwingine, na sasa kila kitu ataweza peke yake. Nikisubiri kuitwa, sitaitwa.

Jumapili asubuhi kengele ya kwanza ya kanisa ilipolia, nilikuwa nimeshavaa. Baba alikuwa nje na spana, ameinama kwenye bawaba. Nikamsogelea.

"Baba, usiutoe. Nipeleke kanisani."

Akainua kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. "Na gari?"

"Na gari."

"Mlango unagonga, mama."

"Nitaushika."

Aliangalia mlango, akaangalia viatu vyangu vya kanisani. Nilidhani atasema barabara ina vumbi. Akaiweka spana mfukoni, akazunguka upande wa dereva. Nilifungua geti, nikarudi, nikapanda kushoto. Nikaushika mlango kwa mikono miwili, nikauvuta kwangu, na sikuuachia mpaka tulipofika.