Tai Chini ya Shingo

Msinicheke kabla sijamaliza, maana mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha. Kazi yangu hapa Kisarawe ni kutengeneza magitaa na kuyapamba kwa gamba la chaza, lile linalong'aa kwa ndani. Mwezi jana alikuja Salehe, kiongozi wa bendi moja ya Misugusugu, akaniachia gitaa jipya.

"Fundi, niwekee tai hapa, chini ya shingo," akasema, kisha akalikimbilia basi.

Nilishangaa kidogo. Siku hizi za Ujamaa nani anavaa tai? Lakini gitaa lina shingo, na tai hukaa papo hapo. Mke wangu akaniuliza, "Baba Zena, una hakika?" Nikamwambia aniachie ufundi wangu.

Nilikata gamba siku tatu kwa msumeno mwembamba kama uzi. Nikatia fundo, nikatia mistari ya mshazari, nikaongeza hata kibanio chake. Nilipomaliza kung'arisha, gitaa lilikuwa nadhifu kama karani wa mkoloni.

Jumamosi Salehe alirudi na bendi nzima, wako njiani kwenda Maneromango kumpigia Mkuu wa Wilaya. Nikafunua kitambaa kwa madaha, nikasubiri sifa zangu.

Salehe akaligeuza gitaa huku, akaligeuza kule, akalipindua juu chini. Mpiga ngoma akaziba mdomo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Fundi," Salehe akasema taratibu, "huyu tai wangu ataruka na nini? Mabawa yake yako wapi?"