Mama mkwe alipima maziwa yangu kama ya ng'ombe, mtoto akapita mstari wa uzito

Wakuu, nawasalimu kutoka Timau kwenye baridi yetu. Huwa nasoma nyuzi zenu nikiwa break kazini, leo nimeamua kuandika yangu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema.

Mimi ni mtu wa Meru niliyeolewa Embu. Nafanya kazi packhouse ya shamba la maua, pale yanapofungwa, mzee wangu ni dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano. Binti yetu wa kwanza ni Wawira, jina la mama mkwe, vile desturi inataka.

Leave ya uzazi iliisha mtoto akiwa na miezi mitatu. Mama mkwe akatoka Kibugu, akaacha majani chai na ng'ombe wake wawili mikononi mwa shemeji yangu, akaja kulea wajina wake.

Nilimshukuru na bado namshukuru. Kumbukeni hilo mkiendelea kusoma.

Nilitaka mtoto anyonye tu hadi miezi sita, halafu aendelee kunyonya huku akianza chakula. Kwa hivyo nikawa nakamua. Asubuhi kabla ya kutoka, na mara mbili kazini, ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, mgongo nimeuegemeza mlangoni kwa sababu hauna komeo.

Aliyewahi kukamua kwa mkono vidole vikiwa vimekufa ganzi na baridi ya huku anajua ninachosema.

Jioni naweka chupa kwa friji, kesho yake shosho, yaani mama mkwe, anampa mtoto. Nikirudi nakuta chupa tupu, zimeoshwa, zimepangwa. Roho yangu ilikuwa safi kabisa.

Na mtoto alinenepa! Mapaja yalikuwa na mikunjo mitatu mitatu. Kanisani walikuwa wanambeba kwa zamu wakisema huyu anatunzwa. Mama mkwe anacheka mpaka anafunika mdomo na leso. Hata mimi nilivimba kichwa, status yangu ilikuwa ni Wawira kila Jumapili.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Nikifika nyumbani matiti yamejaa hadi yanauma, mtoto ananyonya kidogo sana, anageuza uso. Nilifikiri amenisahau. Siku moja nililia jikoni nikasingizia kitunguu.

Kliniki ya miezi sita alipelekwa na shosho pekee, mimi nilikosa ruhusa. Alirudi akasema, "Wamesema amekua." Nikaridhika, hata kijitabu cha kliniki sikukifungua. Hilo ni kosa langu.

Chanjo ya miezi tisa tulienda wote watatu, mimi, mama mkwe na mtoto.

Nurse akampima uzito, akamlaza akampima urefu, akaweka doti kwa kijitabu. Doti ilikuwa juu ya mstari wa juu wa uzito. Akauliza mtoto anakula nini mchana.

Nikajibu haraka, "Maziwa yangu, na uji kidogo tangu afike miezi sita."

Mama mkwe akakohoa.

"Daktari, wacha niseme ukweli. Hiyo maziwa ya Mama Wawira ni maji. Mimi humwagia paka."

Nilidhani sijasikia vizuri.

Akaeleza bila hata kuona haya. Amepeleka maziwa dairy, pale wanapoyapima na kuyanunua, miaka mingi, anajua maziwa. Akitoa yangu kwa friji anaona mafuta yamepanda juu, na huku chini kumebaki kitu chepesi, rangi kama samawati. "Hiyo hata dairy wangenirudishia. Sasa mimi nipatie mtoto?"

Basi alikuwa anachemsha maziwa ya ng'ombe, anatia unga wa uji na sukari, anaweka kwa chupa. Tundu la chuchu ya ile chupa alilipanua na sindano ya moto ili uji upite. Na haitoi mdomoni mpaka aone chini ya chupa.

Tangu mtoto akiwa na miezi mitatu.

Nilikumbuka ule mlango usio na komeo. Nikakumbuka na paka wetu, vile amenona siku hizi hata kuruka dirisha hawezi. Nilitaka kumwambia mama wa watu apande gari arudi Kibugu siku hiyo hiyo.

Nurse hakupigia mtu kelele. Alisema maziwa ya mama yakikaa hujitenga, unayazungusha polepole yanarudiana, hayajaharibika. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji yangoje mwaka mmoja. Sukari tuache.

Akasema pia kunyonyesha si dawa ya uchawi, kuna wanaonyonya na bado uzito unapita. Lakini kwa titi mtoto ndiye anaamua ameshiba, kwa chupa anaamua aliyeishika. Tusimnyime chakula, tuache tu kumlazimisha. Urefu utaufikia uzito.

Tulipotoka mama mkwe aliketi kwa benchi nje, akamkumbatia mtoto.

"Mama Wawira, baba yake nilimzaa nikarudi kuchuma chai mapema. Maziwa ikakauka. Alikuwa hivi," akanionyesha kidole chake kidogo. "Watu walikuwa wananiuliza kama nitamzika. Sasa huyu ni jina yangu. Ningemwacha akonde watu waone?"

Hasira haikuisha, lakini ya kumfukuza iliisha. Nilimwambia, "Mama, kesho nitakuonyesha vile inazungushwa."

Alitazama ile chupa nikiizungusha, akasema, "Kumbe." Ile chuchu ya sindano niliitupa mwenyewe.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Mtoto alidai uji wake kwa makelele, na maziwa yangu yalikuwa yamepungua, nikanyonyesha kila nafasi niliyopata. Siku hizi nikifungua geti shosho anamwambia, "Dairy imefika!" na Wawira anakuja akitambaa mbio.

Sasa ana mwaka na mwezi. Doti haijashuka chini ya mstari, lakini imeanza kuukaribia.

Nilichojifunza: nilimkabidhi mtu chupa, sikumkabidhi maelezo. Na kijitabu cha kliniki ni cha kusomwa.

Jumapili iliyopita jirani alikuja, akamkazia mtoto kikombe cha uji. Wawira akageuza uso. Jirani akauliza mbona siku hizi mtoto amekonda.

Mama mkwe alichukua kile kikombe, akakiweka mezani kikiwa nusu.

"Hajakonda. Ameshiba."

Waliorudi kazini na mtoto mchanga, nyinyi mlifanyaje? Na kina baba pia mseme, msikae kimya.