Maji Yaliyodondokea Kingolwira

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwangu Kihonda, nikiwa na akili zangu timamu na sijanusa pombe.

Mke wangu, Mama Zuhura, alipofariki, nilibaki na nyumba na chumba kitupu cha binti yetu aliyeolewa Dodoma. Humo nikajenga reli. Ndiyo, reli, mzee mzima! Juu ya meza ndefu nilitandika njia kwa vyuma vya miavuli mibovu. Mabehewa yalikuwa makopo ya dagaa, na mota niliichomoa kwenye redio ya kaseti. Treni yangu ilitoka Morogoro ikaenda kusimama Kingolwira. Pale stesheni nilimsimamisha Mama Zuhura, nimemchonga kwa mti wa mpera, sinia la machungwa kichwani. Ndivyo nilivyomkuta ujanani, akiuza machungwa kwenye madirisha ya treni. Yalikuwa machachu. Nilirudi kumlalamikia, nikaishia kuoa.

Majirani walisema nimerudi utotoni. Niliwaacha waseme. Kila jioni niliwasha treni, nikamwona amesimama pale, nikalia mpaka usingizi ukanichukua. Sikufichi, nililia, na kulia kule kulinifaa.

Kisha dari likaanza kuvuja. Mahali pamoja tu, juu ya Kingolwira. Treni ikikaribia stesheni, tone linadondoka, mota inazima. Fundi bomba wa mtaani kwetu alipanda darini, akashuka akinikodolea macho. Hakuna bomba linalopita pale, alisema, na bati halina tundu. Kiangazi kikaja, panavuja vilevile. Nikaisogeza meza hadi ukuta wa pili. Tone nalo likahama. Niamini, lilihama.

Masika yaliyofuata, siku moja baada ya adhuhuri, mvua inamwagika, nikasikia hodi. Mlangoni alisimama mzee mwenye mfuko wa zana begani. Alinizidi umri, nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia kwako kunavuja."

Nikadhani ametumwa na yule fundi, nikamkaribisha. Alipoingia akanitazama juu hadi chini.

"Mluguru wewe! Huko mlimani mlilima mmejifunga kamba msiporomoke. Leo hata tambarare inakushinda?"

Kumbe mtani wangu, Mnyamwezi, lafudhi yake ilimtaja. "Na wewe, mjukuu wa wapagazi," nikamjibu, "mizigo ya watu umeitua wapi?"

Tukacheka. Sikuwa nimecheka tangu msiba, na raha ya kucheka ilinipumbaza. Sikujiuliza: mtu katoka kwenye mvua ile, mbona mkavu hadi kofia?

Hakupanda darini. Aliniambia niwashe treni. Ilipokaribia Kingolwira, tone likadondoka, akalikinga kwa kiganja na kulionja.

"Haya hayatoki kwenye bomba, mtani. Yana chumvi. Niyazibe?"

"Ziba, bwana. Nimechoka."

"Basi nachukua changu cha utani."

Akamnyanyua Mama Zuhura, sinia na yote, akamtia mfukoni.

Desturi yetu unaijua. Mtani akikuchukulia kitu, hununi. Hata msibani anaweza kuondoka na jogoo wako na wewe ukatabasamu. Kumwambia arudishe ni aibu. Nikajichekesha, nikasema, "Haya, nenda naye. Atakulisha machungwa machachu." Nilimpa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Alipogeuka kutoka ndipo nilipoona. Alikuja mkavu, sasa anachuruzika. Kofia, mikono ya shati, viatu, vyote vinatiririka maji, na kila alipokanyaga sakafuni aliacha dimbwi. Ndani ya nyumba yangu! Nikamfuata mbio hadi barabarani. Huku na huku hapakuwa na mtu. Yule fundi wa mtaani nilipomuuliza, akaapa hakumtuma yeyote.

Dari limekauka. Treni sasa inafika Kingolwira bila kuzima, inasimama, hakuna anayeipokea. Nilishika kisu nimchonge mwingine, nikakaa na kile kipande cha mti. Pua yake ilikuwaje? Picha yake iko ukutani, lakini naitazama kama ninavyotazama bango la mgombea wa uchaguzi uliopita.

Siku ya kisomo cha kumkumbuka, Zuhura alinilalia kifuani akalia.

"Baba, na wewe lia basi, hata kidogo."

Nilimpigapiga mgongoni huku nikiwaza kama pilau limeiva. Aliinua uso akanitazama kama mtu aliyegonga nyumba isiyo yake. Tangu hapo hunipigia simu mara chache, na hilo nalo haliniumi. Lingepaswa kuniuma.

Kwa hiyo wewe uliyefiwa, nisikilize. Mtani akija, taniana naye. Akitaka jogoo, mpe. Akitaka kiti, mpe. Lakini akisema atakuzibia panapovuja, muulize kwanza anaziba nini.

Mimi jioni naweka beseni juu ya meza, pale Kingolwira. Asubuhi nalirudisha bafuni, kavu.