Sombe ya Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu aliacha kula katika mwezi wa Rajabu, na kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama tulikuwa tumekwisha kumzika. Naandika habari za siku zilizo katikati, kwa sababu ndizo nilizojifunza kupika chakula ambacho nilikinusa zaidi ya nusu ya umri wangu bila kukitia mkono.

Tuliishi ua mmoja, Buzebazeba, hapa Ujiji. Mume wetu alinioa mimi kwanza, akanitoa Kidahwe na kikapu cha vitabu vyangu vya chuoni na mbegu za maharage alizonifungia mama. Miaka ikapita, akamwoa yeye, binti aliyevushwa ziwa na mjomba wake kutoka kijiji kimoja upande wa Baraka, Kongo, wakati kwao hakukaliki. Mama yake alibaki huko. Habari zake hazikufika tena, si nzuri wala mbaya.

Kila mmoja wetu alipewa jiko lake, upande wake wa ua. Mume wetu alikuwa mcha Mungu. Alichunga zamu, na chakula cha kila mmoja alikila mpaka mwisho, kisha akasema alhamdulillahi kwa sauti ile ile. Hatukuwahi kujua anapenda cha nani.

"Bi mkubwa," mwenzangu alikuwa akiniambia, "huyu mwanaume atatuua kwa usawa wake."

Alikufa mume wetu kwanza. Tulikaa eda pamoja katika chumba kimoja, tukala vyakula vya majirani, na eda ilipokwisha kila mmoja akarudi kwenye mafiga yake. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo. Ndivyo mikono yetu ilivyozoea.

Chakula kinachonituliza mimi ni ugali wa muhogo uliovundikwa vizuri, mzito, unaovutika, pamoja na maharage au samaki wa mgebuka aliyekaushwa kwa moshi na kuungwa kwa mawese. Na mawese yangu huyachoma kwanza. Huyaacha motoni mpaka yatoe moshi na ule wekundu upauke, kama alivyofanya mama. Kwetu kule juu tuliambiwa kwamba mawese mabichi ni ya kupaka ngozi. Mwenzangu alifanya kinyume. Sombe yake, kisamvu cha kwao, aliitwanga kwenye kinu, akaichemsha kutwa nzima bila kifuniko ili uchungu utoke na mvuke, halafu mwishoni akayamimina mawese yakiwa mekundu hivyo hivyo, yanukie utomvu na udongo. Harufu ile ilivuka ua. Mimi nilifunga dirisha, yeye akanicheka.

Ujiji ndivyo ulivyo. Ukipita vichochoro vyake wakati wa kupika unapita nchi nyingi: hapa Burundi, pale Umanyema, pale milima yetu ya Buha. Watu wameoana, wanasali safu moja, wanazikana. Lakini sufuria hukumbuka ilikotoka hata mwenye nayo akiwa amesahau njia.

Hospitali walimrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Daktari alimwambia mwanangu barazani kwamba apewe chochote anachokitamani. Lakini hakutamani kitu. Uji aliugeuzia uso ukutani. Supu ya kuku aliinusa, akasema inanuka manyoya. Ninajua tumefundishwa tusiwalazimishe wagonjwa wetu kula na kunywa, kwamba Mwenyezi Mungu ndiye anayewalisha. Nimewafundisha hayo wasichana wengi. Hata hivyo nilikaa na kijiko mkononi kila asubuhi.

Siku moja akanitazama muda mrefu, akasema, "Nataka sombe."

"Nikununulie sokoni?"

"Ile ya mashine? Imesagwa kama dawa ya meno. Ya kinu. Na ndani yake dagaa mbichi, si wakavu. Mama alikuwa anatia mbichi, wametoka ziwani asubuhi ile. Ninataka kuionja ile kabla sijaenda, bi mkubwa. Basi."

"Na nani ataipika?"

"Wewe. Kwani uko na kazi gani? Kusoma tu, na kunifukizia ubani kama nimekufa tayari."

Nilishuka mwaloni baada ya sala ya alfajiri. Nilikuwa nimefunga, zilikuwa zile siku nyeupe, mwezi ukiwa mpevu, ambazo huwa sipendi zinipite. Sijui kwa nini akili haikunijia njiani. Nilipofika ufukweni nikakuta mitumbwi yote imevutwa nchi kavu, taa zimefungwa kwenye maturubai, nyavu zimeanikwa. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikijaa, samaki hawaifuati taa, na wavuvi hukaa nyumbani.

Mama mmoja anayeanika dagaa alinisalimu, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Natafuta dagaa wabichi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, wewe si ndiye unayeuangalia huu mwezi kuliko sisi wote? Umefunga, na ziwa nalo limefunga. Hakuna hata wa kumpa paka."

"Nina mgonjwa."

Akaacha kucheka. "Yule mwenzako Mkongo?" Nikaitika. "Basi nenda na hawa wakavu, wazuri, hawana mchanga. Giza likirudi nitakuwekea wabichi. Kama atasubiri."

Hayo maneno ya mwisho aliyasema akiinamia uchanja wake.

Nilirudi na dagaa wakavu. Nilichuma majani ya muhogo nyuma ya nyumba, yale machanga ya kileleni, nikakaa kwenye kigoda na kinu mbele yangu. Mikono yangu haina nguvu tena. Nilitwanga, nikapumzika, nikavuta uradi kidogo, nikatwanga tena. Mwenzangu tulimhamishia kitanda karibu na dirisha linaloelekea jikoni kwake, maana nilipika kwenye mafiga yake. Akawa anaamrisha.

"Bado majani yanaonekana. Twanga."

"Yamekwisha lainika."

"Kwa macho yako hayo? Twanga, we Mha."

Mchana wote chungu kilichemka wazi. Alasiri nikaona kimekauka vya kutosha, nikachukua kikaango, nikamimina mawese, nikayaweka motoni. Sikuwaza. Moshi ulipopanda nikasikia sauti dirishani, sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Unafanya nini? Mafuta ile umechoma! Umeyaua!"

Nikasimama na kikaango. Mawese yalikuwa yamepauka kama samli, tayari kwa maharage yangu. Mwenzangu alikuwa anacheka, na kicheko kilimuumiza, akashika ubavu huku anaendelea kucheka. "Miaka yote umekaa na mimi ua mmoja. Yote!"

Nikamwaga, nikaanza tena na mawese mabichi. Nilizuia pumzi nilipoyamimina.

Alikula matonge madogo yanayotosha ndege. Akatafuna polepole, macho juu.

"Ni sombe," alisema. "Lakini si ile."

"Imekosa nini?"

"Imekosa mama. Na dagaa hawa wameshaliona jua sana."

Nilimkumbusha kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwahi kukitia chakula kasoro. Alipokipenda alikula, asipokipenda aliacha.

"Hakuwahi kupikiwa na mtu wa Kidahwe," alisema.

Nilistaghfiru kwa ajili yake na kwa ajili yangu, maana nami nilicheka.

Baada ya hapo nilipika kila alipoomba. Alikula kidogo sana, na kila mara alipata kasoro: leo moto ulizidi, leo majani yamekomaa, leo nimetia kitunguu kama napikia harusi. Nilizipokea kasoro zake kwa shukrani, kwa kuwa ulimi unaoona kasoro ni ulimi ulio hai. Mvua zilikuwa nyingi. Zilipokatika, hewa ilisafika, na milima ya ng'ambo ikaonekana juu ya maji kana kwamba mtu angeweza kuifikia kwa kutembea. Tulimwinua aione. Alinieleza kwamba mama yake alipikia nje, karibu na maji, na kwamba watoto waliruhusiwa kuramba mwiko kwa zamu. Hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Kwa umri wangu nimeosha maiti nyingi za wanawake wa mji huu, na najua mwili unaojiaga. Miguu yake ilikuwa baridi hata mchana. Hakuomba tena kugeuzwa. Akaanza kulala kupita nyakati za sala, na alipoamka aliniuliza kama mume wetu amekwisha kula.

Kisha giza likarudi ziwani, na yule mama wa mwaloni akatimiza ahadi yake. Alikuja mwenyewe asubuhi na bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba. Dagaa walikuwa wangali wanang'aa, wana harufu ya maji tu. Nilishika bakuli lile kwa mikono miwili nikalipeleka jikoni kwake. Nikachuma majani machanga, nikatwanga mpaka hakukubaki jani. Moto nikauweka wa kuni chache. Mawese nikayatia mabichi, mwisho, nikiwa sizuii pumzi tena. Kwa kweli siku hizo nilikuwa nimeanza kuipenda ile harufu. Sikuonja, maana nilikuwa nalipa saumu, tena nilikuwa na haraka asije akalala tena.

Nilimwinua nikamwegemeza kifuani kwangu. Nikampa kidogo kwa ncha ya vidole. Akatafuna. Akafumba macho. Nikangoja kasoro.

"Ndiyo hii," alisema.

"Kweli?"

"Ndiyo hii ya mama. Umeipata, dada."

Hakuwahi kuniita dada. Aliomba tonge jingine, na jingine, akala kuliko siku zote tangu augue, mafuta mekundu yakimshuka kidevuni, nami nikimfuta kwa upindo wa khanga. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa sauti. Nilijiambia kwamba haja ya mja wake imetimia.

Magharibi ilipoadhiniwa nilifuturu kwa maji, kisha nikavuta sahani yake iliyobaki. Niliweka tonge mdomoni. Haikuwa na chumvi. Sikuwa nimetia hata chembe. Ilikuwa kama kutafuna majani ya mvua, na dagaa wale wazuri hawakuwa na ladha yoyote.

Nilikaa na tonge lile mdomoni muda mrefu. Ulimi wake ulikuwa umekwisha kuondoka, na mimi sikujua ulitutoka siku gani. Au labda alijua nimesahau chumvi, akaamua kunipa neno nililolingoja. Hakuna wa kuniambia ni lipi kati ya hayo, na kwa hilo nimemwachia Mola aliye mjuzi.

Kutoka kitandani aliuliza, "Nawe unakula?"

"Nakula."

"Tamu?"

"Tamu," nikamwambia, nikamaliza sahani yote.