Dakika Kumi za Hatua ya Saba

Fundi mkuu wa maabara yetu ndiye anayepanga kila kipimo kwenye programu ya kompyuta: dawa gani, kiasi gani, dakika ngapi. Huandika kwa kidole kimoja, na ukimkaribia huigeuza skrini kidogo, kama mwanafunzi anayekinga karatasi yake ya mtihani. Kila mpango wake una hatua ya saba nisiyoielewa, kabla tu ya yeye kudondosha damu za wagonjwa kwenye vichupa kwa mkono: subiri dakika kumi. Mwongozo wetu hauna kitu kama hicho. Nilipomuuliza alifuta miwani, akasema, "Damu haitaki pupa, mdogo wangu." Jibu tamu, ila mimi nikaona hapa pana namna. Jana nikaifuta hatua ile kimyakimya. Alipoikosa aliviacha vichupa mezani. Alivua glavu, akaingia stoo. Nikamfuata kwa kunyata. Alikuwa ameubana mkono wa kulia kwapani, amefumba macho, anahesabu polepole, na mkono unatetemeka mpaka koti linacheza. Nikarudi, nikaiandika upya hatua yake kama ilivyokuwa, nikadhani yamekwisha. Leo asubuhi nimeufungua mpango. Hatua ya saba: subiri dakika kumi na tano.