Babu wa Gunia Aliyeninyima Marahaba

Babu yetu wa darasani alikuwa gunia la mkonge lililojazwa sufi. Kichwa chake kilikuwa kibuyu, shati lake la kaki lilitoka kwa mlinzi aliyestaafu, na makalio yake mwalimu aliyashona upya kila mwezi, kwa sababu hapo ndipo tulipojifunzia sindano. Tulikuwa tunasomea utabibu Lushoto, miaka ile ya Ujamaa, na tukimaliza tulipelekwa moja kwa moja vijijini, ambako yeyote mwenye koti jeupe aliitwa daktari.

Kabla ya kumfikia Babu tulianza na machungwa. Mwalimu wetu, Mbondei wa Muheza mwenye utani mwingi, aliyaleta kwa kapu kila aliporudi likizo. Tuliyadunga maji, halafu tukayala, na sijapata kula tena machungwa yenye maji kiasi kile. Aliyefuzu chungwa alipandishwa kwa Babu.

"Huyu ni mzee wa miaka sabini," mwalimu alituonya. "Msimguse bila adabu."

Basi kila asubuhi tulisimama mbele ya kitanda tukasema shikamoo babu, na mwalimu akaitikia kutoka nyuma yetu kwa sauti ya mikwaruzo, "Marahaba wajukuu." Ndipo tukamgeuza, tukamteremsha suruali, tukamdunga. Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukazoea, na balaa langu lilianzia kwenye mazoea hayo.

Kijijini kwetu, huko juu kwenye mashamba ya viazi, watu walikuwa wamejenga zahanati kwa kujitolea. Baba yangu alibeba mawe kutoka mtoni mpaka bega likapinda. Wakaambiwa tabibu wao nitakuwa mimi, wangoje nimalize masomo, na katika kungoja wakaanza kuhifadhi viazi humo. Nikishindwa mtihani wa vitendo, jengo lile lingebaki ghala, na baba angekosa pa kuweka uso. Kanisani alikwisha kumwambia kila mtu kwamba ana binti daktari. Mimi mwenyewe aliniita "we mtoto" tu, na nikikosea kumenya viazi, "we mtoto" ya sauti ya juu zaidi.

Siku ya mtihani alikuja daktari kutoka mkoani, mzee mkavu, saa mkononi. Mwalimu wetu akaambiwa akae nje.

"Ndugu mwanafunzi," daktari akasema, "mpige sindano mgonjwa huyu. Una dakika tano."

Nikanawa, nikavuta dawa, nikakaribia kitanda. "Shikamoo babu."

Kimya. Nikangoja. Najua mtanicheka, hata mimi nilijua kwamba lile ni gunia. Lakini mkono ulikataa. Nimelelewa na watu ambao kwao huwezi hata kumpita mzee njiani kabla hajaitikia, sembuse kumvua suruali. Nikaamkia tena kwa sauti zaidi. Nikaamkia kwa Kishambaa, pengine Kiswahili kilikuwa kimempita. Dirishani niliona kipara cha mwalimu wangu kikipanda na kushuka, anataka kuitikia na hathubutu. Nilimchukia Babu siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

"Unangoja nini?" daktari akauliza.

"Mgonjwa hajaitikia, mzee."

"Na mgonjwa asiyeitikia ana nini?"

Hapo akili ikanirudia. Nikaweka sindano chini. Nikamtikisa Babu bega, nikamwinamia kusikiliza pumzi, nikapapasa shingo kwenye mshono wa kibuyu, nikamlaza ubavu na kulegeza vifungo vya shati. Sufi ikanijaa puani, nikapiga chafya. Muda ukaisha na sindano haijapigwa. Nikaanza kulia waziwazi, nikiwaza viazi.

Daktari aliandika kwa muda mrefu. "Wenzako wote wamemwamkia," akasema, "hakuitikia, wakamdunga hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza kama yu hai." Akaniambia nimalize kazi. Nikampiga Babu sindano, na nikafaulu.

Habari zilifika kijijini kabla yangu, maana mwenzangu mmoja wa darasani alitoka kijiji cha jirani na mdomo wake haukuwa na mlango. Siku ya kufungua zahanati, ukuta bado unanuka viazi, watu wakajaa mlangoni kutazama. Mgonjwa wa kwanza kwenye benchi alikuwa baba.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Alikuwa amefumba macho, mikono imelegea, mdomo wazi. Nilikuwa na hakika kwamba ni mzima, asubuhi ile alikuwa amemaliza bakuli zima la uji mbele yangu. Hata hivyo niliogopa kwelikweli. Nikamshika mkono, nikahesabu mapigo mpaka dakika ikatimia. Nikaweka sikio kifuani. Moyo ulikuwa unakwenda vizuri, na chini yake tumbo lilikuwa likitetemeka kwa kicheko alichokibana.

Akafumbua jicho moja.

"Marahaba, daktari," akasema.