Kidole Gumba Chini ya Sire

Siku yangu ya kwanza kazini nilijenga nyumba juu ya gari. Hayo ni maneno ya Shefu wa atelie, karakana yetu ya kuosha magari, si yangu. Ilikuwa hapa Kamembe, vita vya ng'ambo ya mpaka, kwetu Bukavu, vikiwa havijatulia, na pikapu moja ilikuwa imepanda kutoka bonde la Bugarama imejaa vumbi la simenti mpaka kwenye vioo. Nilikuwa nimeishia darasa la sita kule Bukavu, lakini bidii nilikuwa nayo. Nikaimwagia ndoo mbili za maji, nikaenda kutafuta sabuni. Niliporudi, jua lilikuwa limemaliza kazi yake.

Shefu akaigonga kapo, kile kifuniko cha injini, kwa ukucha. "Mutoto, nyumba umejenga. Sasa weka milango."

Watu wote wakacheka, nami nikacheka, kisha nikalia kidogo nyuma ya rundo la matairi. Alinifuata hukohuko akanifundisha. Vumbi la simenti hupulizwa kwanza kwa pampu ya upepo, gari likiwa kavu. Lililoganda hulegezwa kwa siki iliyochanganywa na maji, na husuuzwa upesi kabla siki haijaanza kuila rangi. Hilo alilihesabu kosa la kwanza. La pili, akasema, nitalifanyia nyumbani kwetu, maana hapa kazi itakuwa imeisha.

Ninyi mnaoingia atelie leo mnakimbilia sire, ile dawa ya nta inayokinga rangi na jua na mvua. Sire hufunga kila inachokikuta. Ikikuta uchafu, unafungia uchafu. Kwa hiyo tuliosha, tukatoa lami kwa kitambaa kilichonusa petroli tu, kisha tukavaa sasheti, mfuko mwembamba wa plastiki, mkononi na kupapasa gari zima. Usiniulize kwa nini, lakini mkono ulio ndani ya sasheti husikia chembe ambayo mkono mtupu hauisikii. Palipokwaruza tulisugua kwa pate, dawa laini ya kung'arishia. Kitambaa kikigeuka rangi, ujue umeshaanza kula rangi ya mwenye gari. Mwisho tulifuta kwa alkoli, mafuta yasibaki, ndipo sire.

Mwaka mmoja nilipelekwa Bugarama kwa Msimamizi wa malori, mzee mpole aliyenionya kila asubuhi nisipake sire juani. Niliporudi Kamembe ndipo Maman Rehema alipoleta gari lake la kijani.

Alikuwa amekulia Bukavu kama mimi. Mumewe alilipaka gari lile rangi mwenyewe uani kwao, kabla ya vita. Kisha vita vikaja, mume akapotea njiani, na picha zikabaki katika nyumba ambayo Maman hakuirudia tena. Hakuwa na kaburi la kwenda kufagia. Aliomba tu rangi ile ikae miaka mingi.

Nikafanya kazi kama naosha mtoto mchanga. Karibu na kifuniko cha tangi la petroli, sasheti ikakwaruza. Nikatoa mkono, nikapapasa kwa ngozi. Vilikuwa vijistari vyembamba vilivyopinda, vimekaukia ndani ya rangi. Mtu alikuwa amebonyeza hapo kwa kidole gumba kabla rangi haijakauka.

Shefu alikuja kukagua, maana bila mkono wake hakuna gari lililopata sire. Sasheti yake ikasimama palepale.

"Fasi hiyi umeiruka."

"Si uchafu, Shefu. Ni kidole cha muntu."

"Sire haijue kidole. Sugua."

Nilikishika kile kitambaa cha pate, mkono ukakataa. Nikamwomba tumuulize mwenye gari kwanza. Akaniambia nikienda kumwita, nimelipata kosa langu la pili. Nikaenda.

Maman Rehema alikuwa ameketi kwenye benchi, amekumbatia mkoba wake. Nikamleta, nikamwonyesha mahali. Akapapasa mara moja, akarudia polepole.

"Kuko mustari inapita katikati," akasema. "Ni kovu yake. Alijikata akichonga muwa, akiwa mutoto." Kisha akatutazama sote wawili. "Mutaifuta?"

Nilimtazama Shefu. Akaja akaninyang'anya kitambaa cha pate na kukiweka mfukoni mwake.

"Fasi hiyi pate haifike, Maman."

Akafuta hapo kwa alkoli, akachota sire kwa kidole chake mwenyewe, akaipaka bila kusugua. Jioni nilimuuliza kama nirudi kesho. Akasema kosa langu la pili bado liko mbele, nisilikimbilie.

Maman Rehema alirudi kila mwaka kabla ya mvua kubwa. Sasa daktari amesema kifua changu kimekunywa petroli ya kutosha. Nimestaafu, nami sijafika miaka thelathini, chekeni tu. Naenda Nkanka, kando ya ziwa, kwa shangazi kulima kahawa na kuota mtumbwi wangu wa injini. Ule mtumbwi utakuwa wa kijani, hilo nimeshaamua.

Lakini gari lile litakuja, na mmoja wenu atalipokea. Lipulize, lioshe, toa lami, papasa kote. Ukifika kwenye kifuniko cha tangi, vua sasheti.